Namna ya kubishana habari za wageni na benefiti barazani bila kuumbuka

Baraza ya wanaume ya mtaani kwetu, hapa Wete, Pemba, iko chini kabisa ya dirisha la ukumbi wangu. Baba aliisakafia mwenyewe kwa saruji, zamani, kabla dirisha halijawa duka. Sasa nauza hapo barafu za ukwaju na za ubuyu, na kila kinachosemwa tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi kinaingia masikioni mwangu nitake nisitake. Husemwa bei ya karafuu, husemwa mpira, halafu mmoja hutoa simu akawasikilizisha wenzake sauti iliyotumwa kutoka London kuhusu wageni na benefiti, yaani posho za serikali ya Uingereza, na hapo hapatulii tena.

"Wageni wanakula benefiti za Waingereza, wenyewe wamechoka," husema fundi baskeli.

"Wanakula nini? Mwanangu huu mwaka wa sita yuko kule, hajapewa hata senti," hujibu mwalimu mstaafu.

Mwalimu anasema kweli. Fundi naye anasema kweli, kwani binamu yake anakaa huko kwenye nyumba ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, na mwisho wa mwezi huongezewa. Kila mmoja ana mtu wake wa kumtolea ushahidi, kila mmoja anapaza sauti, na mimi niliyeishi huko tangu 2003 hadi 2021 nikiogesha na kulisha wazee wa Kizungu, nipo dirishani nahesabu chenji.

Mpwa wangu ndiye aliyenisuta. "Shangazi, unajua na unanyamaza." Basi nimemuandikia yeye, na mwingine yeyote anayetaka kuyasema mambo haya mbele za watu asije akaumbuliwa na kijana mwenye simu.

Uliza karatasi kwanza

Kabla hujaunga mkono wala kupinga, uliza: huyo anayesemwa ana karatasi gani? Usiulize katoka wapi, wala ana watoto wangapi. Ukiliuliza hilo mapema, nusu ya ubishi inakufa, kwa sababu mara nyingi wanaobishana wanazungumzia watu wa aina mbili tofauti na wote wamewaita "wageni".

Anza na mtu wa viza. Mimi niliingia kwa viza ya mke, na muhuri katika pasipoti yangu ulisema nisiguse fedha za umma. Amri hiyo ina mizizi katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1999, na mpaka leo inamfunga karibu kila anayeingia kwa viza ya kazi, ya masomo au ya ndoa. "Fedha za umma" hapo ni orodha maalumu: ile posho kubwa inayoitwa Universal Credit, posho ya watoto, msaada wa kodi ya nyumba, posho ya ulemavu, nyumba za kaunsili. Mtoto wa mwalimu yumo humu. Anakatwa kodi ya mapato kama Muingereza, anakatwa bima ya taifa kama Muingereza, na orodha yote ile haimhusu. Tena watu wengi wa viza hulipia hospitali kabla hawajapanda ndege: tangu Februari 2024 ada yake ni pauni 1,035 kwa mtu mzima asiye mwanafunzi kwa kila mwaka wa viza, na hiyo ni mbali na ada ya viza yenyewe. Wenye viza ya kazi za afya ndio waliosamehewa ada hiyo.

Lakini orodha ina mwisho wake, na hapa ndipo nilipoumia kwa ujinga wangu. Mwaka wangu wa pili nilivunjika mgongo nikimuinua bibi mmoja mzito kutoka bafuni. Si kuvunjika mfupa, ni ule mgongo wa kushindwa kuvaa soksi. Daktari akaniandikia wiki tano za kupumzika. Dada mmoja wa Kiswahili, tena wa kuswali, akanionya nisidai malipo ya ugonjwa: "Hiyo benefiti hiyo, wakikuona umechukua muhuri wako unaungua." Nikaogopa. Nikakaa wiki tano bila mshahara, nikala mchele na tui la kopo kwa mkopo wa huyo huyo dada. Mwajiri wangu naye alijua haki yangu, akanyamaza, kwani kunyamaza kulimfaa. Baadaye sana nikaja kujua kwamba malipo ya ugonjwa hayamo kwenye orodha, kwa sababu yanatoka kwenye ajira. Ya uzazi hivyo hivyo. Pensheni ya uzeeni hivyo hivyo, kwa sababu umeichangia. Skuli ya watoto nayo haimo.

Kwa hiyo swali la pili, baada ya karatasi, ni hili: kinachosemwa kimechangiwa au hakikuchangiwa? Akina mama watalielewa upesi kuliko waume zao. Kuna upatu, na kuna chakula cha msiba. Kwenye upatu kila mtu kaweka chake, zamu yake ikifika apewe, na hakuna anayemuuliza kwao wapi. Chakula cha msiba kinapikwa kwa ajili ya waliokuwepo, na hapo ndipo watu huanza kutazamana: huyu ni wa hapa au kapita njia tu? Waingereza wana vyote viwili chini ya paa moja, na wao wenyewe wanavichanganya wakibishana. Nimewasikia wakichanganya kwenye basi, kwenye chumba cha chai, hata mzee niliyekuwa nikimvisha viatu alikuwa akivichanganya huku nikimfunga kamba.

Waliojilipua

Neno hili mnalijua. Aliyejilipua ni aliyekwenda kuomba hifadhi. Huyu hayumo kabisa kwenye ile posho kubwa mpaka akubaliwe. Akiwa hana kitu hupewa pa kulala, mahali wanapopachagua wao, na mwaka 2024 fedha ya kujikimu ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki kwa kila mtu. Akiwekwa hotelini ambako analishwa, kilichobaki mkononi mwaka huo kilikuwa pauni 8.86 kwa wiki.

Fundi baskeli aliposikia 49.18 alitoa simu akazidisha kwa shilingi, macho yakamtoka. Mfundisheni mtu wa namna hii asibadilishe fedha kabla hajabadilisha na bei. Nauli ya basi la London mwaka huo huo wa 2024 ilikuwa pauni 1.75. Kwenda na kurudi, siku saba, ni pauni 24.50. Nusu ya fedha ya wiki imekwisha na mtu hajanunua mkate. Nilipomwambia hivyo akauliza kwa nini asifanye kazi basi, na hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale barazani.

Hafanyi kazi kwa sababu amekatazwa. Akingoja miezi kumi na miwili bila jawabu anaweza kuomba ruhusa, na akipewa, ni kwa kazi zilizo kwenye orodha yao tu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu wanalificha jembe, kisha magazeti yao yanapiga picha za mgeni aliyekaa bure. Sitaki kuwaonea. Wana sababu yao: wanasema wakiruhusu kazi mapema watakuja wengi zaidi kwa mlango huo. Ukibishana, itaje sababu hiyo kwa uadilifu halafu useme kama unaikubali au huikubali. Mimi siikubali, lakini siwezi kusema haipo.

Akikubaliwa kuwa mkimbizi, hapo mlango unafunguka: anaruhusiwa kufanya kazi na kudai posho kama wengine. Na hapo hapo anatolewa kwenye ile nyumba. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa siku 28. Ndani ya siku hizo awe amepata kazi, au posho imeanza, na chumba. Nilipokuwa London nimelaza ukumbini mwangu kijana wa Mtambwe aliyepata makaratasi yake siku ya Ijumaa na kufika mwezi unaofuata akawa hana pa kulala. Alilia alipokataliwa mara ya kwanza, na alilia tena alipokubaliwa.

Na binamu yake fundi? Ni raia tangu zamani. Huyo sheria haimjui tena kama mgeni. Fundi anamhesabu mgeni kwa jina lake na kanzu yake ya Ijumaa, na jirani yake Muingereza anamhesabu hivyo hivyo.

Usikatae kweli kwa kuwa inauma

Ukitaka watu wakuamini kwenye lililo gumu, kubali yaliyo wazi. Nyumba za kaunsili ni chache na foleni ni ya miaka. Nilimtunza mama mmoja ambaye mjukuu wake, mzaliwa wa hapo hapo, alikuwa akilala na watoto wawili chumba kimoja. Alipokuwa akilalamika habari za wageni sikumuona mbaya. Nilimuona mtu anayetafuta wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko waliouza zile nyumba tangu miaka ya 1980. Hoteli za waomba hifadhi nazo zinakula fedha nyingi za serikali, hilo halina ubishi, ijapokuwa fedha hizo huishia kwa wenye hoteli na wenye mikataba.

Kweli nyingine ni yetu sisi. Baada ya waandamanaji kupigwa risasi Pemba Januari 2001, watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na kuna waliofika Ulaya wakiwa na sababu ya kweli kabisa. Wakafuatwa na wengine wasiokuwa na sababu hiyo ila wana lugha hiyo. Kuna waliojifanya Wabajuni wa Somalia, watu wa visiwani wanaosema lahaja ya Kiswahili, wakakaririshwa majina ya visiwa usiku kucha kama watoto wa chuoni, Chula, Chovai, Koyama, maana maafisa walikuwa wakiwauliza. Kila aliyedanganya alimharibia Mbajuni wa kweli aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Hili likitajwa barazani msikasirike.

Kuhusu "wanazaa ili wapate posho", nitapita haraka kwa sababu jibu ni fupi. Tangu Aprili 2017 mtoto wa tatu aliyezaliwa baada ya hapo hakuwa akihesabiwa katika posho kubwa, na mwaka 2025 serikali yao ikatangaza kuiondoa kanuni hiyo kwa kuwa iliwatia watoto katika umasikini. Iliwabana watu wote, Wazungu kwa wageni.

Sauti ya kwenye simu

Mtu akisikilizisha sauti, muulize imerekodiwa lini. Sheria hizi hubadilika kuliko bei ya pweza. Mlango wa kwenda kutunza wazee ulifunguliwa kwa wageni Februari 2022. Machi 2024 wakakataza wahudumu wapya wasichukue mume, mke wala watoto. Julai 22, 2025 wakaufunga kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Sauti ya mwaka 2023 inayosema "njooni, kazi tele" ilikuwa kweli siku ile.

Hili nalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu limetugusa. Kijana mmoja wa Chake aliuza kiwanja cha mamaake akampa wakala fedha ya kumtafutia hati ya udhamini ya kutunza wazee, na fedha hiyo aliitoa baada ya mlango kufungwa. Wakala alikuwa akimtumia picha za hati. Picha za hati hata mimi naweza kukutumia. Kabla ya kutoa fedha, muombe anayekuuzia akutajie aina ya viza, kisha mtafute mtu aliye huko, asiye ndugu wa wakala, akusomee kanuni ya wiki hiyo kwenye tovuti ya serikali yao. Kama anasema "benefiti utaanza kupata ukifika", usimalize kumsikiliza. Umeshajua kuhusu muhuri.

Na kwa wenye watoto walioko huko tayari. Msiwaambie "si wanakupa benefiti, tutumie". Waambieni haya mawili. La kwanza, waombe kuongeza viza kabla ya ile ya zamani kuisha, kwani anayeomba kwa wakati hubaki na haki zake mpaka ajibiwe, na aliyechelewa siku moja huingia upande mwingine kabisa. La pili, kwa aliye kwenye njia ya familia au ya haki za binadamu akafikia hana chakula, kuna ombi rasmi la kuondolewa lile katazo la fedha za umma. Watu wetu wengi hawalijui, au wanaliogopa kama nilivyoogopa malipo ya mgongo wangu. Atafute wakili wa msaada wa sheria, asitafute dada wa kuswali.

Halafu karatasi siku hizi si karatasi. Kadi za ukaazi ziliisha muda mwishoni mwa 2024, sasa hadhi ya mtu iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Mwenye simu iliyoibiwa na nambari ya siri iliyosahauliwa ana kazi ya kufanya kabla hajamuonyesha mwenye nyumba kwamba yuko kihalali.

Halafu mrudishe mjadala nyumbani

Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ambayo watu wa baraza hawakuipenda, na ndiyo iliyonifanya niufungue mdomo.

Zanzibar tuna posho yetu. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa waziri au mvuvi wa pweza, na serikali yenyewe ndiyo inayoigharimia. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa mpaka 50,000. Mama yangu alikuwa akiichukua, na ndiyo iliyokuwa ikinunua sukari yake na sadaka yake. Hakuitwa mvivu na mtu. Tuna pia skuli bila ada tangu ilipotangazwa Septemba 1964, na matibabu ya umma tangu 1965. Sasa muulize mwenzako barazani: nani anastahiki hivi? Utaona jinsi anavyogeuka Muingereza mbele ya macho yako.

Masharti ya Pensheni Jamii yanataka umri, na ukaazi wa Zanzibar usiopungua miaka kumi mfululizo katika utu uzima. Hayataki uwe umezaliwa Pemba. Hayaulizi baba yako alizikwa wapi. Ni sharti la ukaazi, na serikali nyingi duniani zina lake la namna hii.

Huku njia ya shamba anakaa mzee mmoja aliyekuja kutoka Bara kuchuma karafuu mwishoni mwa miaka ya 1970. Msimu ulipokwisha hakurudi. Akaoa hapa, akazaa hapa, akaangua nazi za mtaa mzima, akachimba makaburi ya watu wetu, la baba yangu mojawapo. Alipofika miaka 72 kitambulisho chake cha ukaazi kilikuwa kimekwisha muda na jina limeandikwa sivyo. Akaenda kuuliza habari za pensheni akaambiwa na karani, "Wewe mzee si wa hapa." Hakumtukana. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Alikuja dirishani kwangu akakaa bila kuagiza kitu. Nikamuamkia, akaitikia, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikitoka hapa naenda wapi?"

Nilipokuwa London, mwaka 2018, nchi nzima ilikuwa ikizungumzia wazee wa Karibiani. Walikuja watoto, wengine na pasipoti za wazazi wao, wakati ambapo waliotoka makoloni walikuwa raia. Ile meli iliyowapa jina, Windrush, ilishusha abiria wake Tilbury Juni 22, 1948, na hospitali zao za bure zikafunguliwa Julai 5 mwaka huo huo. Wengi wao na wenzao waliofuata ndio waliozifanyia kazi hospitali hizo. Miaka arubaini, khamsini ya kukatwa kodi, halafu siku moja wakaombwa karatasi ambayo hawakuwahi kupewa. Wakanyimwa posho, wengine matibabu, wengine wakafukuzwa nchi. Nilimtunza bwana mmoja wa Jamaica wakati ule. Alikuwa akiweka bahasha ya hati zake za mishahara chini ya mto anaolalia, nami nikikunja shuka naikuta. Yule mzee wa shamba aliponiuliza anaenda wapi, niliiona ile bahasha.

Basi haya ndiyo tuliyofanya, na yeyote mwenye mzee wa namna hii ayafanye. Anza kwa sheha na ndugu wawili wa kushuhudia, wazee kuliko sheha mwenyewe kama inawezekana. Uende asubuhi, mkiwa mmevaa vizuri, na mzee atangulie kusema. Nenda skuli walikosoma watoto wake, omba wakuangalizie daftari la kuandikishia: jina la baba limo na mwaka umo. Tafuta karatasi yoyote kuukuu. Yeye alikuwa na stakabadhi ya kuuzia karafuu ya mwaka 1991, ya mikarafuu aliyokodi, imekunjwa ndani ya juzuu amma. Tafuta cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha mke. Kasoro ya jina irekebishwe mwanzo, kwa wanaosajili matukio ya kijamii, kabla ya kuuliza habari ya fedha, maana ukianza na fedha kila karani atakuona mwizi. Piga picha kila karatasi. Na usiende peke yako mara ya pili ikiwa mara ya kwanza umevunjiwa heshima.

Ilituchukua miezi minne na safari sita. Mimi nauli za gari nilizilipa kwa barafu.

Katika safari mojawapo barazani kukawa na maneno. Mwalimu mstaafu, huyo huyo ambaye mwanawe hapewi senti London, akasema, "Sasa tukiwapa na hawa wa Bara, fedha itatosha? Wakisikia watakuja wote." Nikaufungua mlango nikatoka upenuni, jambo nisilolifanya, nikamwambia: "Mwalimu, samahani. Hayo maneno neno kwa neno nimeyasikia Barking, kule London, na aliyekuwa akisemwa ni mwanao." Akaniangalia. Hakujibu, na mimi nikaona haya, kwa sababu ni mwalimu wangu wa darasa la tano. Lakini hoja yake ina jibu na nilimpa kesho yake kwa utulivu: miaka kumi ndiyo ukuta. Hakuna anayekuja kukaa Pemba miaka kumi kwa ajili ya kungojea shilingi khamsini elfu akiwa na miaka sabini.

Mwalimu naye akanipa moja ambalo nililikubali. Akasema wageni wa hoteli za kule Unguja nao tunawabana: kuanzia Oktoba 1, 2024 wageni wa nchi za nje wanaoingia Zanzibar wanalipia bima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima, na hakuna aliyeandamana. Kweli. Ile ada yao ya hospitali na hii bima yetu ni watoto wa baba mmoja. Ukibishana habari za Uingereza kuwatoza wageni, jua kwamba mtu aliyesoma anaweza kukutolea hilo, na uwe na jibu.

Mzee alianza kulipwa mwezi wa tano wa hangaiko letu. Siku hiyo alikuja dirishani na noti mpya, akaagiza barafu ya ukwaju, akakaa barazani kati ya fundi na mwalimu, akaila polepole kama anayengojewa. Hakuna aliyeitaja pensheni. Walizungumza mvua.

Fundi ndiye asiyejua kunyamaza. Alinigeukia akaniuliza, "Na wewe bibie, miaka yote hiyo kwa Waingereza, umetoka mikono mitupu?" Nikamwambia nina miaka kumi na saba ya michango ya ile bima ya taifa. Kwao ukiwa na kumi unapata kitu, ukiwa na thelathini na mitano unapata yote, kwa hiyo nikifika 67 nitaletewa karibu nusu ya pensheni yao, hapa hapa Wete.

"Kumbe utakula benefiti zao umekaa Pemba!"

Nikamwambia ule ni upatu wangu, na tena hawatauongeza. Kwa anayeishi Uingereza pensheni hupanda kila mwaka, kwa anayeishi Tanzania inagandishwa pale pale ilipoanzia mpaka afe, kwa kuwa nchi zetu hazina mkataba wa jambo hilo.

Fundi akaiangalia barafu mkononi mwa mzee, akaniangalia mimi, akasema basi na yeye nimpe moja, ya ubuyu, ya mkopo.